Sura ya Tano: Dawa Isipokuwepo, Muuguzi Awepo

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo. Sampuli zilipimwa kwanza mkoani Kagera kwenyewe, katika maabara ya kuhamishika ya Kabaile, kisha majibu yakahakikiwa Dar es Salaam. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa ya watu kumi: wawili waliothibitishwa maabara, na wanane ambao dalili zao na ukaribu wao na wagonjwa viliwafanya wahesabiwe humo. Wote kumi walifariki. Wale wanane walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 ugonjwa huohuo ulitangazwa Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua, sita wakafa. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alipoteza maisha.

Marburg ni ugonjwa adimu. Hauna dawa iliyoidhinishwa wala chanjo iliyoidhinishwa. Wengi wakisikia hivyo huona kwamba hospitali haina la kufanya zaidi ya kumtenga mgonjwa na kusubiri. Hapo ndipo tunapokosea. Ugonjwa usio na dawa ndio unaomhitaji muuguzi kuliko ugonjwa mwingine wowote, kwa sababu kila kitakachomsaidia mgonjwa kitapitia mikononi mwake. Na kazi hiyo ina elimu yake, hufundishwa, hupimwa, na anayeijua anastahili kuitwa bingwa. Wilaya za Ngara na Biharamulo, zote za mkoa wa Kagera, zinawahitaji mabingwa hao wakiwa kazini tayari, kabla ya mlipuko mwingine.

Kinachoua na kinachookoa

Mgonjwa wa Marburg huanza na homa kali ya ghafla, kichwa kinachouma sana na maumivu ya misuli. Siku ya tatu hivi huanza kuharisha na kutapika, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa wiki nzima. Wengine huvuja damu puani, kwenye fizi, kwenye matundu ya sindano. Wanaokufa, wengi wao hufa kati ya siku ya nane na ya tisa, mwili ukiwa umepoteza maji na damu, shinikizo la damu limeshuka na figo zimegoma.

Virusi hatuna cha kuviua kwa uhakika. Lakini maji yanayopotea yanarudishika, na kazi hiyo ni ya muuguzi. Tumtazame mmoja akiwa zamu katika wodi ya kutenga wagonjwa. Kando ya kitanda pana ndoo yenye alama za ujazo. Mgonjwa akitapika, muuguzi anasoma alama na kuandika mililita na saa. Akiharisha, anaandika. Mkojo nao unapimwa, kwa sababu mkojo ukipungua, figo zinaomba msaada. Upande wa pili wa karatasi anaandika kilichoingia: vikombe vya maji ya chumvichumvi, chupa za dripu, uji kidogo. Kila baada ya saa kadhaa anajumlisha pande zote mbili. Kilichotoka kikizidi kilichoingia, mgonjwa anaelekea kubaya hata kama bado anazungumza. Muuguzi aliyefundishwa huliona hilo kwenye karatasi saa nyingi kabla halijaonekana usoni mwa mgonjwa.

Karatasi hiyo peke yake haitoshi. Lazima ajue kwamba mwili unaoharisha sana hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo huyumba. Lazima apime sukari ya damu, kwa kuwa mgonjwa asiyekula anaweza kuzimia kwa kupungukiwa sukari. Lazima apime malaria, maana katika ukanda huu mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Na kwa maumivu na homa atoe parasetamo, asiguse diklofenaki wala ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Sindano ya diklofenaki ni kitu cha kawaida kwa mtu anayelalamika mwili kuuma. Kwa mgonjwa huyu inaweza kumsogeza kaburini.

Je, uangalizi wa namna hii hubadilisha matokeo? Rwanda, jirani wa Ngara ng'ambo ya daraja la Rusumo, inatupa jibu. Mlipuko wake wa Marburg ulitangazwa tarehe 27 Septemba 2024 na kumalizika tarehe 20 Desemba. Waliougua walikuwa 66, waliokufa 15, yaani chini ya robo. Katika mlipuko wa nyuma wa Uíge nchini Angola mwaka 2005, walikufa karibu tisa katika kila kumi. Zipo sababu kadhaa za tofauti hiyo. Rwanda waliwagundua wagonjwa mapema, wengi walikuwa watumishi wa afya wenye umri mdogo, na walipewa dawa zilizokuwa bado katika majaribio. Lakini walipewa pia uangalizi wa karibu saa 24, hata wagonjwa wawili waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia wakatolewa humo wakiwa hai. Mashine haijiendeshi. Kando yake husimama muuguzi anayefyonza makohozi, anayemgeuza mgonjwa na kumsafisha, anayejua mlio upi ni wa hatari.

Ebola, ndugu wa Marburg, ilitupa ushahidi wa aina hiyohiyo. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, wagonjwa 27 walitibiwa Ulaya na Marekani. Walikufa watano. Kwa waliougulia Afrika Magharibi kiwango cha vifo kilikuwa cha juu zaidi, ingawa kirusi kilikuwa kilekile. Wengi wa wale 27 walipata dawa za majaribio, ndiyo, lakini kila mmoja alipata pia wauguzi wa kutosha waliomhesabia kila tone.

Uuguzi usiofundishwa unaua

Upande wa pili wa shilingi unatisha. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, watawa waliotoa huduma walikuwa na mabomba matano tu ya sindano kwa siku nzima, wakiyatumia kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watu wa huruma na bidii. Ebola ilipoingia, sindano zile ndizo zilizoisambaza. Waliougua katika mlipuko ule walikuwa 318 na waliokufa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali hiyo, 11 walifariki, na hospitali ikafungwa.

Miaka 24 baadaye, Ebola ilipoingia Gulu kaskazini mwa Uganda, Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya St. Mary's Lacor alianzisha wodi ya kutenga wagonjwa na kuwaongoza wauguzi waliojitolea kuingia humo. Baadhi yao walikufa. Naye alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Na Rwanda mwaka 2024, wagonjwa wanane katika kila kumi walikuwa watumishi wa afya. Kirusi cha namna hii hufuata upendo na kazi: humfuata mama anayemsafisha mwanawe, jamaa wanaoosha maiti, muuguzi anayemshika mgonjwa mkono.

Kwa hiyo bingwa tunayemtaka hufundishwa kuvaa, na zaidi hufundishwa kuvua. Watu wengi hudhani hatari iko ndani ya wodi. Hatari kubwa iko mlangoni, muuguzi anapotoka amechoka, jasho limejaa hadi kwenye buti baada ya muda mfupi tu ndani ya vazi lisilopitisha hewa. Mwenzake husimama upande wa pili wa mstari na kumsomea hatua moja moja. Nawa glovu kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5. Vua aproni. Nawa tena. Vua ovaroli taratibu ukiikunja kwenda nje, ili upande mchafu usiguse ngozi. Nawa. Inamisha kichwa mbele, fumba macho, vua miwani kwa kushika kamba za nyuma. Nawa. Kila hatua ina kunawa kwake. Mkono ukienda usoni kukwangua panapowasha, mara moja tu, kazi yote iliyotangulia imeharibika.

Haya hayaingii mwilini kwa kukaa kwenye semina siku mbili na kupewa cheti. Huingia kwa kurudiarudia, hadi mikono iyakumbuke hata akili ikichoka. Muuguzi aliyefundishwa mwaka 2023 na asirudie zoezi hadi leo, amesahau.

Kwa nini Ngara na Biharamulo

Angalia njia zinavyokutana. Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda ya magari yanayotoka Kahama, yanayotoka Kigoma na yanayopandisha kuelekea Lusahunga. Kutoka Lusahunga, malori ya Rwanda huendelea hadi Rusumo, na ya Burundi hadi Kabanga, mipaka yote miwili ikiwa wilayani Ngara. Dereva anaweza kupata chai Nyakanazi asubuhi na kulala nchi nyingine. Biharamulo ina wachimbaji wadogo wa dhahabu na wafugaji wanaohama na mifugo yao. Na popo wanaokula matunda, ambao ndio makazi ya asili ya kirusi cha Marburg, hulala katika mapango na mashimo ya migodi, nao mipaka ya nchi haiwahusu.

Mtu akiugua huko, hatua yake ya kwanza ni duka la dawa au zahanati ya kijiji. Homa yake itaonekana malaria, na mara nyingi itakuwa malaria kweli. Anayempokea ni muuguzi wa cheti au mhudumu wa afya, pengine akiwa peke yake zamu nzima. Hospitali ziko mbali kwa walio wengi: Murgwanza na Rulenge upande wa Ngara, zilizoanzishwa na Waanglikana na Wakatoliki, na hospitali ya Biharamulo mjini. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Chato, na ile kongwe zaidi, Bugando, iko Mwanza. Kila saa inayopotea kati ya zahanati na rufaa ni saa ya kirusi. Bingwa aliyeko Mwanza hamsaidii mtu wa Lusahunga usiku wa leo.

Na watu wa hapa wamekwisha kuonyesha wanaweza. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa 24 na kupiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Wilaya iliyokuwa na hospitali chache ilijikuta ikiuguza mji mzima uliozaliwa usiku mmoja, kuhara damu kukiwa miongoni mwa maradhi yaliyowaandama.

Kagera ina kumbukumbu nyingine ndefu zaidi. Mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani humo. Ulikuwa ugonjwa mgeni, hauna dawa, na vijiji viliona wazazi wakizikwa mfululizo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kitaifa mwaka 2004. Katika miaka ile ishirini ya katikati, kilichokuwepo ni watu: akina mama wa kijijini, watawa, wauguzi waliotembea kwa miguu na baiskeli kuwafuata wagonjwa majumbani, wakiwaosha vidonda, wakiwafundisha jamaa namna ya kuwageuza kitandani. Walijifunza kwa kufanya, wengi bila daftari wala mwalimu. Ujuzi huo ulistahili kukusanywa ukawa somo rasmi. Sehemu kubwa yake imeondoka na wenye nao.

Somo lililo jirani

Uganda walilikusanya lao. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akiwa na muuguzi Fazal Mbaraka miongoni mwa watumishi wa mwanzo kabisa. Walianza na wagonjwa wa saratani na UKIMWI waliokuwa wakifa kwa maumivu makali. Mwaka 1998 huduma ilifika Mbarara, mji wa magharibi ambao kwa mtu wa Kagera si ugenini.

Silaha yao kuu ilikuwa mofini ya kunywa. Unga wa mofini huchanganywa na maji safi, kihifadhi ili isiharibike, na rangi inayotofautisha nguvu ya dawa ili asiwepo wa kukosea chupa. Mgonjwa hunywa kipimo kidogo kila baada ya saa nne, na kipimo cha usiku huongezwa mara mbili ili alale bila kuamshwa na maumivu. Pamoja nayo hupewa dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Ni dawa rahisi kutengeneza, na bei yake ni ndogo.

Kikwazo kilikuwa kalamu. Sheria ilimruhusu daktari peke yake kuiandika, na vijijini daktari hayupo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni: muuguzi au tabibu aliyehitimu kozi maalumu ya miezi tisa ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyeponyeka, akaruhusiwa kuandika mofini. Mtu aliyekuwa akifa kwa kupiga kelele nyumbani kwake akaweza kufikiwa na muuguzi mwenye elimu, mwenye dawa na mwenye mamlaka kisheria, vyote vitatu kwa pamoja. Ukiondoa kimoja, viwili vilivyobaki havifanyi kazi.

Tanzania nayo haikulala. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hospitali ya Selian kule Arusha na hospitali teule ya Muheza mkoani Tanga zimejenga huduma za tiba shufaa na kufundisha watu. Kinachotakiwa sasa ni ujuzi huo uvuke Mwanza, ufike Biharamulo na Ngara, na ukae.

Adimu kwa mmoja mmoja, wengi kwa pamoja

Msomaji anaweza kuuliza: tumfundishe muuguzi kwa ajili ya ugonjwa unaokuja mara moja kwa miaka kadhaa, halafu siku nyingine afanye nini? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linalonipa moyo zaidi.

Ulaya huhesabu ugonjwa kuwa adimu ukiwapata watu wasiozidi watano katika kila 10,000. Magonjwa ya namna hiyo yanayojulikana ni zaidi ya 6,000, na mengi kati yake hayana dawa ya kuyaponya. Kila moja ni adimu. Ukiyakusanya, yamo katika kila wilaya. Chukua himofilia, ambayo damu haigandi inavyopaswa. Aina yake kuu humpata takriban mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000 wanaozaliwa. Mtoto huyo huletwa zahanati goti likiwa limevimba kama boga, analia, hataki kuguswa. Muuguzi asiyejua atamdunga sindano ya maumivu kwenye paja, na paja nalo litajaa damu ndani ya msuli. Muuguzi anayejua atauliza: alivuja sana alipotahiriwa? Wajomba zake je? Atamkandamiza kwa kitu cha baridi, atamtulizia kiungo, atampa parasetamo ya kunywa, kisha ataandika rufaa yenye neno moja linalookoa maisha.

Elimu inayohitajika kwa mtoto yule na kwa mgonjwa wa Marburg inakutana mahali pengi: kujua damu inavyovuja na kuganda, kupima maji ya mwili, kutuliza maumivu bila kudhuru, kuiambia familia ukweli bila kuikatisha tamaa, kujua ni saa ngapi ya kupiga simu. Muuguzi huyo atawafaa pia mwenye selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa, mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyochelewa kugunduliwa, na kijana ambaye misuli yake inadhoofika mwaka hadi mwaka. Atakuwa na kazi kila siku ya Mungu, na mlipuko ukija utamkuta mikono ikiwa myepesi.

Tuwajenge wapi, tuwatunze vipi

Kagera ina vyuo vya kufundisha wauguzi, Ndolage na Rubya wilayani Muleba vikiwa miongoni mwa vinavyofahamika zaidi, na kanda ina chuo kikuu cha afya palepale Bugando. Walimu na majengo vipo. Mambo manne yanahitaji uamuzi.

La kwanza, wachaguliwe wauguzi walioko kazini tayari Ngara na Biharamulo, hasa wanaojua Kihangaza, Kishubi na lugha nyingine za wagonjwa wao. Mtu anayekaribia kufa hurudi kwenye lugha ya mama yake, na familia yenye hofu humwamini anayeisikia. Wafundishwe kwa awamu: wiki kadhaa chuoni, miezi kadhaa wodini kwao chini ya msimamizi, kisha chuoni tena, ili zahanati isibaki na mlango uliofungwa.

La pili, ubingwa wao uingie katika muundo wa utumishi na katika ikama. Muuguzi anayesoma mwaka mzima na kurudi kwenye mshahara uleule na kupangiwa wodi yoyote, atatafuta mahali pengine, na hatuna haki ya kumlaumu.

La tatu, tanuru la mazoezi lisizimwe. Kila robo mwaka, kila hospitali na vituo vya afya vya njia kuu, Nyakanazi, Lusahunga, Rusumo na Kabanga, vifanye zoezi kamili: mtu wa kuigiza mgonjwa aingie getini, saa ianze kuhesabiwa, watu wavae, watenge, wapige simu, wavue. Akiba ya glovu, mavazi kinga na klorini ikaguliwe siku hiyohiyo.

La nne, na hili huachwa mwisho katika bajeti nyingi, atunzwe anayetunza. Muuguzi aliyetoka wodi ya kutenga hukaa siku 21 akijipima homa, akiwa mbali na wanawe. Akirudi mtaani, wapo wanaomkwepa dukani na wanaowakataza watoto wao kucheza na wanawe. Anahitaji posho inayolipwa kwa wakati, bima, mtu wa kumsikiliza, na kiongozi wa kijiji anayesimama hadharani kusema kwamba huyu ni salama na tunamshukuru.

Gharama ya haya yote ni ndogo ukiilinganisha na ya mlipuko mmoja unaofunga barabara na kuzitisha nchi tatu. Lakini hata kama mlipuko hautarudi tena, watoto wenye himofilia na akina mama wenye saratani wapo Ngara na Biharamulo leo, na haki yao ya kutulizwa maumivu haisubiri dharura ya kitaifa. Sayansi itatafuta dawa kwa muda wake. Kumfundisha muuguzi, kumlipa na kumlinda kuko ndani ya uwezo wetu katika mwaka huu wa fedha, na halmashauri mbili zinaweza kuanza kwa kuwataja wauguzi wao kumi wa kwanza.